Mguu Chini ya Meza

Jumapili, 5 Novemba

Wiki ya sita tangu nitoke nyumbani kuja kiwanda hiki cha samaki, Norwe. Mvua ya barafu kutwa. Mikono imevimba kwa maji baridi na kisu. Samoni, samoni, samoni – mpaka ndotoni natumbua samoni. Leo zamu yetu imepumzika.

Nimempigia Mama kwa video. Siku hizi simu ya kawaida haitaki, anasema ana "runinga yake". Si runinga. Ni kishikwambi ambacho huduma ya nyumbani ilimletea badala ya muuguzi. Zamani muuguzi alikuja na gari mara tatu kwa wiki. Alivua viatu mlangoni, akampima presha, akamwosha miguu, wakanywa kahawa. Sasa eti barabara ni ndefu mno. Kabla sijaondoka walituma fundi, akakifunga kidude kwa skrubu kwenye meza ya chakula, upande wa dirishani, ili kisianguke. Muuguzi anatokea humo kila asubuhi. Dakika tano. Umelala vizuri? Umekula? Dawa umemeza? Haya, siku njema!

Na Mama anamvalia! Sweta yake ya vifungo vya fedha, nywele zimechanwa. Anamwekea kikombe cha kahawa na mkate wa mdalasini mbele ya kioo, anakaa naye mpaka kahawa inapoa. Nikamwambia, Mama, huyo hanywi.

"Najua hanywi. Lakini kuja amekuja."

Nakichukia kile kidude.

Jumanne, 7 Novemba

Zamu ndefu. Vidmantas, Mlithuania ninayekaa naye chumba kimoja, anasema Mama ameshakuwa mtu wa runinga, punde atataka walinzi. Nimecheka. Ndiyo mara ya kwanza wiki hii.

Nimemwona Mama kwenye video, amepauka usoni. Nikauliza kulikoni. "Hapa hakuna kitu." Kwetu Kainuu, kule misituni, hilo ni jibu la kila jambo. Baba alitoa jibu hilo shoka likiwa bado limo kwenye ugoko wake. Mtu akikwambia hakuna kitu, unamvua kiatu, unaangalia mwenyewe. Muuguzi wa zamani alikuwa wa kwetu, alilijua hilo. Huyu wa kwenye kioo anasikia hakuna kitu, anaandika hakuna kitu.

Alhamisi, 9 Novemba

Kapiga mzee Taisto, jirani, yule anayemletea Mama kuni. Taisto hapigi simu. Nikajua kuna msiba.

"Nyumba ya mama yako inanuka, kijana." (Nina miaka hamsini na nne. Kwake ni kijana.) "Nilidhani panya kafia chini ya sakafu. Nikainama na tochi. Panya hakuna. Ni mguu wake."

Mama alijigonga kwenye kikapu cha kuni, mwezi uliopita. Akavuta soksi juu, akanyamaza. Sasa kuna kidonda upana wa kiganja, na mguu umebadilika rangi. Mama ana sukari! Kila mtu anajua ana sukari. Ndiyo sababu walikuwa wanamwosha miguu!

Na muuguzi amemwona kila siku. Kila siku! Kamwona uso, sweta, vifungo. Kioo hakina pua. Mguu upo chini ya meza.

Taisto alimwambia amwonyeshe. Mama akamgeuzia macho: mguu juu ya meza ya chakula? Mbele ya mgeni? Na kidude chenyewe hakiinuki, kimefungwa. Taisto akapiga simu ya dharura. Wakauliza anapumua? Ana fahamu? Mwenyewe anaomba msaada? Mama akapaza sauti toka jikoni kwamba haombi. Basi. Wakasema wasiliana na huduma ya nyumbani.

Taisto angempeleka mwenyewe. Leseni walimnyang'anya kwa ajili ya macho.

Ijumaa, 10 Novemba

Nimepiga huduma ya nyumbani asubuhi. Mashine: acha namba, tutakupigia. Simu hukaa kabatini, kwenye mstari wa kukatia samaki hairuhusiwi. Wakapiga mimi nina samoni mkononi. Mapumzikoni nakuta ujumbe: tumejaribu kukupata, suala limefungwa. LIMEFUNGWA! Nilitaka kuitupa simu baharini.

Nikapiga tena. Safari hii simu nikaificha ndani ya buti. Ikatetemeka saa nane, nikauacha mstari bila kuomba ruhusa. Vidmantas akashika nafasi yangu, kisu huku na kisu kule kama shetani. Bosi Torgeir akanifokea, nikamwonyesha mgongo.

Kwenye simu, mwanamke mpole. Mpole sana. Hawezi kuongea nami habari za mgonjwa bila idhini ya mgonjwa. Mimi ni mwanawe! Anaelewa. Amenielewa mara nne, kila mara kwa upole uleule. Mwisho akasema kesho naweza kuungana nao kwenye maongezi ya asubuhi, sote watatu, Mama akikubali.

Jumamosi, 11 Novemba

Chumba cha kubadilishia nguo, nimekaa kati ya maaproni. Kwenye simu vipande vitatu: mimi, Mama mezani, muuguzi. Anaitwa Jonna. Mtoto tu, ana macho ya mtu asiyelala.

"Bibi Elma, Tauno anasema una kidonda mguuni."

"Hapa hakuna kitu."

"Mama, mwonyeshe."

"Unanivua nguo mbele ya watu, Tauno?"

Akanyanyuka, akachukua kile kifuniko cha sufi cha birika la kahawa, akakivisha kioo. Giza. Tukabaki mimi na Jonna tunatazamana, na katikati yetu mraba mweusi unaopumua.

Nikamwambia Jonna atume mtu. Akashusha sauti. Mfumo haumruhusu mpaka kuwe na picha ya kidonda au mwenyewe akubali. Nikamtukana. Tusi la kiwandani, siliandiki hapa. Hakukata. Akasema ana nyumba kumi na tisa kabla ya chakula cha mchana, na kabla ya hii kazi alikuwa anaendesha gari na kuosha watu miguu kwa mikono yake. "Unadhani naipenda hii, ndugu?" Bado nina hasira naye. Kidogo tu sasa.

Ndipo sauti ya Mama kutoka gizani: "Binti, bado upo?"

"Nipo, bibi."

"Mezani watu wanakula. Saunani watu wanaoshwa. Nikukaribishe saunani, nitakuonyesha mpaka gotini. Mle hata mchungaji ni nyama tu."

Jonna akacheka. Akasema sawa, saa tisa, hata kama ni nje ya ratiba yake.

Baadaye, siku hiyohiyo

Ningeweza kulia, au kucheka. Sijui kipi.

Taisto alikifungua kidude kwa kisu cha siagi. Akakibeba hadi sauna uani, kile kibanda chetu cha kuogea kwa mvuke, kama anabeba Biblia. Mimi nipo kwenye simu, Jonna yupo. Mara naona weupe mtupu. Ukungu. Nikauliza, mzee, kwani umewasha?

"Leo Jumamosi, siku ya sauna! Ningemkaribisha mgeni kwenye sauna ya baridi?"

Digrii themanini! Kashikilia kidude mlangoni, kavaa kofia na koti, jasho linamchuruzika. Jonna anaomba: futa kioo, mzee, futa tena. Ghafla tukauona mguu – kitu cheusi, kingo za njano. Labda kwa sekunde moja. Jonna akavuta pumzi. Halafu nikasikia Mama: "Na mgeni naye apate mvuke." Akamwaga kata nzima ya maji juu ya mawe ya moto! Kwa heshima! Fssss. Kioo kikazima na hakijawaka tena.

Jonna akanipigia kwa namba yake mwenyewe. Alichoona kinatosha, ameandika kwamba ni jambo la haraka sana, amepeleka kwa daktari wa zamu. Picha haikubaki. Atawasumbua.

Jumapili, 12 Novemba

Hakuna daktari. Ujumbe umekuja, ila si wa mguu. Kifaa cha mteja hakipo hewani. Fundi atafika kesho asubuhi.

Fundi!

Jumatatu, 13 Novemba

Na kweli kafika. Kwa gari, barabara ileile ndefu mno, theluji na yote. Kabla ya saa tatu! Taisto anasimulia: jamaa kaingia na buti zake, kaziba pua na shingo ya jaketi, kafunga kidude kipya, skrubu ndefu zaidi safari hii, onyo la maandishi kuhusu unyevu. Taisto akamwambia, mwanangu, kwa kuwa umefika, mtazame basi huyu mama. Akajibu mguu si idara yake. Lakini alipofika kwenye gari alikaa muda mrefu bila kuwasha.

Mama jana usiku alitetemeka. Leo hakuvaa sweta. Jonna kapiga kupitia kidude kipya, Mama hakwenda mezani.

Nikaenda kwa Torgeir. Nikasema naondoka. Akasema kabla ya Krismasi mtu hatoki, ukitoka usirudi. Nikasema sawa. Akashangaa, nadhani alitaka nimbembeleze. Vidmantas kanifungia samaki wa moshi kwenye gazeti. Hakutania hata neno.

Jumanne, 14 Novemba

Kituo cha feri. Upepo. Feri imechelewa, taa zake naziona ng'ambo.

Taisto kapiga. Asubuhi Mama alimwita kwa jina la marehemu baba. Kapiga tena simu ya dharura. Wakauliza mwenyewe anaomba msaada? Taisto akasema anaomba. Ni mara ya kwanza mzee yule kusema uongo tangu nimjue. Gari la wagonjwa limetoka mjini, kilomita mia na zaidi, na barabara ni barafu. Jonna naye kaacha zamu yake, yuko nyuma ya gari hilo kwa gari lake. Hakuna aliyemtuma.

Nikaomba niongee na Mama. Taisto hajui kuwasha video, akamwekea simu sikioni tu. Uso sikuuona. Nilisikia pumzi, na mbwa wa Taisto uani.

"Tauno, unafika lini?"

Miaka thelathini ninatoka na kurudi, mara Norwe, mara Uswidi. Hajawahi kuniuliza hilo.

Nikasema kesho Jumatano, Mama, basi la jioni, kabla ya saa kumi na mbili nitakuwa mlangoni.

"Hakuna la mapema?"

Nikasema nitauliza. Feri inateremsha ngazi. Naenda kumuuliza dereva wa lori aliye mbele yangu anaelekea wapi, na kama ana nafasi.