Baraza la Ngazija Nisilowahi Kulikalia

Jumatano, 12 Novemba

Mvua ya vuli ilianza alfajiri, nyepesi, ya kulowesha kanzu bila kupiga kelele mabatini, ikakatika baada ya adhuhuri. Sasa ni alasiri. Lami ya Raskazone, hapa Tanga, inafuka mvuke, nami nimekaa kibarazani, kompyuta mapajani, chai ya tangawizi imeshapoa pembeni.

Leo nina la kukiri.

Wanaonisoma hapa wanajua kwamba nilifundisha jiografia mpaka nilipostaafu, na kwamba mke wangu alifariki mwaka juzi, mwezi wa Shaabani. Wanaijua pia ile makala yangu iliyosomwa kuliko zote, “Mahali Saba pa Kuona Ukifika Ngazija”. Kwa asiyejua, Ngazija ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika nchi ya Komoro, nchi ya visiwa iliyo kati ya Msumbiji na Bukini, yaani Madagaska. Sisi wa pwani tumezoea kuiita nchi nzima Ngazija, na wenyewe wa visiwa vingine huwa hawafurahi, lakini mazoea ni mazoea.

Makala inaanza hivi: “Niliposhuka Moroni, harufu ya mlangilangi ndiyo iliyonipokea kabla ya mtu yeyote.”

Sijawahi kushuka Moroni.

Sijafika Ngazija, wala kisiwa chochote cha nchi ile. Nchi ya kigeni pekee niliyoiona, niliiona kwa mbali, pale Horohoro, nilipowapeleka wanafunzi wangu wakatazame mpaka wa nchi ulivyo. Tulisimama upande wetu wa kizuizi, nikanyoosha kidole nikawaambia, ile ni Kenya. Ilikuwa minazi na mbuzi, sawasawa na huku. Mwanafunzi mmoja akauliza kama mbuzi nao wanahitaji pasi.

Aliyeijua Ngazija ni Moinaesha, mke wangu. Naye pia hakufika.

Aliyetoka huko ni mama yake, Bi Echa. Aliletwa Tanga akiwa msichana, akaolewa Ngamiani, akazaa, akafa, hakurudi. Mji wake wa Ikoni akambebesha binti yake kwa mdomo. Binti yake akaja kunipa mimi, kidogo kidogo, miaka yote ya ndoa yetu, mara nyingi akiwa anasuka ukili na macho yake yako kwenye mikono. Alinieleza ziwa la maji ya chumvi upande wa kaskazini, ambapo wanasema palikuwa na mji, mgeni akapita akiomba maji ya kunywa akanyimwa, mji ukadidimia. Alinieleza msikiti mkongwe wa Ijumaa, mweupe, karibu na maji kiasi kwamba mama yake alidhani unatawadha. Alinieleza mlima Kartala, ambao mimi nilikuwa nimeuchora ubaoni kwa chaki mara nyingi, na tumbo lake la moto nikilipaka chaki nyekundu. Nilikuwa namwambia urefu wake na aina ya mawe yake. Yeye alikuwa ananiambia kwamba ulipounguruma, Bi Echa alifichwa chini ya kitanda pamoja na kuku.

Tulipanga kwenda. Pasi zetu mbili zimo kabatini, zimeisha muda, hazina muhuri hata mmoja. Tulipozipata, ndipo alipoanza kuumwa.

Makala niliiandika miezi michache baada ya arobaini. Rasimu ya kwanza ilisema “mke wangu alinisimulia”. Nikasoma, nikaona inalegea. Mwongozo wa msafiri unataka mtu aliyefika, nikajiambia, mwalimu hasemi “nimesikia”. Nikafuta “alinisimulia”, nikaandika “niliona”. Kila mahali. Kazi ya nusu saa.

Nilipomaliza, jina lake halikuwamo hata mara moja.

Nitasema na hili, kwa kuwa nimeshaanza. Ilinifurahisha. Kwa muda ule wa kuandika “nilikaa, nikanywa, nikapumzika”, nilihisi kama tumekwenda. Hiyo ndiyo sababu, lakini siileti kama udhuru.

Kitu kimoja tu kwenye orodha ile nilikiona kwa macho yangu, nacho nilikiona hapa hapa Tanga. Ni yule samaki wa kale, mwenye mapezi kama vikono, ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani. Ngazija wanamwita gombesa. Wavuvi wetu nao wamewahi kumnasa, na mimi nilikwenda kumtazama. Katika makala nimemhamishia Moroni.

Msomaji mmoja aliuliza mapema kabisa: “Shikamoo mwalimu, ulikwenda lini huko?” Nikamjibu maneno mawili. “Zamani kidogo.”

Sasa nieleze lililotokea.

Rukia ni mwalimu kijana wa Muheza. Hatujawahi kuonana, lakini tangu nianze blogu hii kila asubuhi huniandikia shikamoo kabla hajaingia darasani. Kuna siku ambazo hiyo ndiyo shikamoo pekee ninayoipata. Mwezi uliopita alinipa habari kwamba anamsindikiza shangazi yake kwenye harusi huko Ngazija, na kwamba makala yangu ameichapisha kwenye karatasi ili atembee nayo. Nilipaswa kusema hapo hapo. Badala yake nikamhimiza: “Mahali pa tano usipaache. Lile baraza la mawe pale uwanjani Ikoni. Kaa, pumzika, menya chungwa lako, utazame watu wakipita.”

Hapo inabidi nifafanue. Kwetu Tanga, baraza ni la mpita njia. Mtu akichoka anakaa kwenye baraza la nyumba asiyoijua, na mwenye nyumba akimkuta anamwambia karibu, pengine anamtolea maji. Kibaraza hiki ninachokalia tulikijenga kwa sababu Moinaesha alisema nyumba isiyo na baraza ni ofisi. Kwa hiyo aliponisimulia mawe ya kukalia pale uwanjani kwao, mahali wanapopaita bangwe, ambapo mama yake alipita kandokando akienda chuo cha Kurani, mimi nikayaona mawe yetu. Sikumuuliza nani huyakalia. Nilikuwa nimeshajua.

Jana mchana ukaingia ujumbe wa sauti wa Rukia. Nimeusikiliza mara nyingi, naweza kuuandika kwa kichwa.

“Mwalimu, shikamoo. Mwalimu, leo nimeumbuka. Nimekaa pale ulipopasema, na chungwa langu, hata sijamaliza kulimenya, wazee wote kimya. Unajua kimya cha watu wazima. Mmoja akaja pole pole, hakunifokea, akaniambia, mwanangu, jiwe hilo mimi mwenyewe nimelisubiri mpaka nikaota mvi. Kumbe kila mtu ana mahali pake! Kumbe hawakai ila wanaume waliofanya ile harusi kubwa ya kulisha mji mzima, na wanawake hata kukatiza hawakatizi, wanazungukia nyuma. Nikasema samahani babu, nimeambiwa na mwalimu wangu wa Tanga, yeye alikaa hapa. Wakatazamana. Mmoja akasema, alikaa hapa? Kwani harusi yake tuliila lini? Basi wakacheka, mwalimu, wakacheka mpaka mwingine akakohoa. Wakasema nikuambie uje na ng'ombe, wanakungoja.”

Hapo anacheka na yeye, lakini si kicheko cha raha.

“Halafu kuna bibi mmoja akanishika mkono akanitoa, akanipeleka kwake kunawa mikono. Akaniuliza, huyo mwalimu wako kaingia nyumba ya nani? Mkewe binti nani? Nikasema sijui, hakuandika. Akasema, basi hatutamjua. Mwalimu, tunaondoka Ijumaa. Samahani kwa kuuliza. Wewe ulikaa kweli pale?”

Ujumbe unaishia hapo.

Neno la yule bibi ndilo lililonitoa usingizi wa mchana. Kwao nyumba ni ya mwanamke. Baba humjengea binti, binti humwachia binti yake, na mume ndiye anayehamia. Hili nililijua. Moinaesha alikuwa akinitania nalo, kwamba kwa mila ya mama yake mimi ni mpangaji. Kwa hiyo mtu akitaka kukujua, anauliza mlango wa mkeo. Nami mlango huo niliufuta kwa mkono wangu, neno kwa neno, ili nionekane msafiri.

Sikumjibu jana.

Leo asubuhi, mvua ikiwa bado inanyunya, alipita Mzee Nassor. Ni jirani wa zamani, ukoo wao ulitoka Omani na mashamba yao ya minazi yalikuwa huko karibu na Moa. Siku hizi anaishi kwa mwanawe upande wa pili wa mji, na huletwa kwangu Jumatano tu, gari linapopita njia hii. Tulikunywa kahawa. Nikamwekea ile sauti ya Rukia aisikilize.

Alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

“Ma'alim, wewe na Ngazija wapi na wapi? Wewe umefika Horohoro, tena ukarudi unaumwa kichwa.”

“Ndiyo hayo.”

“Na ng'ombe wa harusi utamtoa wapi? Hata paka huna.”

Nilipoigeuza simu kifudifudi akatulia. Ananijua.

“Mwambie umesahau,” akasema. “Mwambie zamani, umechanganya na mji mwingine. Umri wetu huu kusahau ni haki yetu.”

“Sijasahau.”

“Najua hujasahau. Nakwambia la kumwambia.”

“Na wengine wanaosoma?”

“Wengine hawajui. Ukijitangaza, kesho nani atakuamkia? Mimi nipo Jumatano tu.” Akanitazama, akaona amesema zaidi ya alivyokusudia, akaanza kutafuta bakora yake. Gari lilikuwa limeshapiga honi.

Ni kweli alivyosema. Wanaopita barabara hii wanapita ndani ya magari na bajaji, na vioo vimefungwa. Ofisini wanatoka saa tisa na nusu na hawatazami huku. Mwanangu hupiga simu Ijumaa kutoka Muskati. Zile shikamoo za kwenye simu ndizo zinazonifanya ninyoe ndevu. Wananiamkia kwa sababu ni mwalimu, na mwalimu kwao ni mtu aliyefika.

Nimekaa na hilo tangu aondoke.

Ninachokiogopa si aibu peke yake. Kama baraza nililikosea, huenda na mengine aliyonisimulia si vile. Nikimtumia Rukia jina la Bi Echa na mtaa wake, na akaenda kuuliza, anaweza kuambiwa kwamba mtu huyo hakuwahi kuwako, na nyumba hiyo hakuna anayeijua. Maadamu hakuna anayeuliza, Ikoni ya Moinaesha imesimama nzima, na kuku wake chini ya kitanda.

Lakini yule bibi ameuliza. Ameuliza mke wangu binti nani, na mtu aliyesoma makala yangu akiwa ameishika mkononi hakuwa na la kumjibu.

Nimefungua makala. Sikuifuta. Pale juu nimeandika: “Mahali hapa sikupaona. Nimesimuliwa na marehemu mke wangu, Moinaesha, aliyesimuliwa na mama yake, Bi Echa wa Ikoni. Nilipoandika ‘niliona’, wanaosema ni wao.” Kisha nikashuka mstari kwa mstari nikimrudisha. “Moinaesha alisema.” “Moinaesha alicheka hapa.” Kazi hii haikuwa ya nusu saa. Gombesa nimemrudisha Tanga. Mahali pa tano nimeandika: “Msikae. Zungukeni kwa nyuma, salimieni, mpite.” Na kwa yule aliyeniuliza nilikwenda lini, nimejibu upya: “Sikwenda.”

Halafu nikamrekodia Rukia sauti, mara tatu, kwa sababu mbili za kwanza nilianza kumfundisha historia ya bangwe. Ya tatu ni fupi. “Mwanangu, sikukaa. Sijafika huko maisha yangu. Nimekuaibisha mbele ya wazee na nakuomba radhi, uwaombe na wao kwa niaba yangu. Yule bibi mwambie mke wangu aliitwa Moinaesha, binti wa Bi Echa, nyumba iliyokuwa na kisima cha mvua mlangoni na dirisha moja tu upande wa bahari. Akijua, aniambie. Asipojua, niambie pia.”

Umekwenda. Alama mbili, za kijivu. Bado hajausikiliza.

Makala nayo imeshabadilika kwa kila anayeifungua. Tangu nianze kuandika haya hakuna aliyetoa maoni, na sijui kama ni kwa sababu wanasoma au wameshaondoka. Rukia ana kesho yote kabla ya safari ya Ijumaa. Kutafuta nyumba yenye kisima mlangoni, kesho inatosha.

Asubuhi nitafagia kibaraza, kote kuwili, upande wangu na ule alioukalia yeye na ukili wake. Nitanyoa ndevu hata kama simu iko kimya.

Je, kama nyumba ipo, na wakaniita, nitaingia mlango wake peke yangu?