Mgeni Wangu wa Mwaka

Makunduchi,
Unguja Kusini.
27 Julai 2019

Mpendwa mdogo wangu Zume,

Assalaam aleikum. Natumai wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Maskati, na joto la huko halijakumalizeni. Goti lako je, limepoa? Mimi ni mzima isipokuwa moyo, na huo nitakueleza, maana nikiuficha nitapasuka.

Barua yako ilifika siku tatu kabla ya sikukuu yetu ya Mwaka Kogwa. Niliposoma kwamba Mwenyezi Mungu akijaalia utakuja Mwaka ujao, baada ya miaka tisa, nilipiga kigelegele peke yangu jikoni. Kisha nikafika pale unaposema utafikia kwa wifi Tatu kwa kuwa nyumba yake ina nafasi. Kigelegele nikakikatiza.

Naona wivu, sikufichi. Tangu kaka Pandu amjengee wifi ile nyumba ya bati jekundu hapa jirani yangu, kila ajaye Makunduchi ni mgeni wake. Nawe unaijua ada yetu: siku ya Mwaka, mtu kula bila mgeni ni fedheha. Yeye mwaka huu kapata kumi na mmoja.

Pale uwanjani Kaekuu mambo yalikwenda vizuri. Wanaume wa Kusini na wa Kaskazini walitandikana magomba kama ada, kumaliza chuki za mwaka, mpaka vumbi likatuingia machoni, na kaka Pandu karudi na bega limevimba, anacheka. Kile kibanda cha makuti cha kuagia mwaka kilipochomwa, sisi wanawake tukaanza kuimbiana vijembe. Wifi akashika usukani, jicho kwangu: "Mwenye mgeni na apakue, asiye naye afunike!" Wenzake wakaitikia kwa vicheko. Siku hiyo maneno hayana kesi, lakini yanachoma vilevile.

Nilikwenda zangu nyumbani, kwa sababu mgeni wangu nilikuwa naye moyoni. Salha wako alikuja kutoka chuoni mjini na wenzake wawili. Si mimi niliyemlea tangu ulipoondoka? Nilipika wali wa nazi, kuku wawili na samaki wa kupaka, nikatandika ule mkeka wa marehemu mama. Basi, kwa macho yangu mawili, nilimwona mwanao anapita, ananipungia mkono, anaingia kwa wifi!

Hapo nikafanya ujinga. Nilitoka barabarani nikamshika mkono mwanamume wa kwanza aliyepita, mtu wa Wete, Pemba, mpole kweli. "Karibu baba, karibu ule Mwaka!"

"Ahsante mama, nimeshiba."

"Leo hakuna aliyeshiba. Kidogo tu."

Alikula matonge matatu kwa shida, jasho linamtoka. Mara wifi huyo, kichwa juu ya ua. "He! Wifi, mgeni wangu katoka kupunga upepo, wewe ushamteka?" Kumbe alikwishakula sahani mbili kwake! Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Maskini yule baba aliomba radhi, akarudi alikotoka. Mimi nikafunika chungu.

Alasiri Salha akaja. Hakubisha hodi. Alivua viatu, akaingia jikoni moja kwa moja, akafunua chungu na kuanza kukwangua ukoko wa juu kwa mkono.

"Mama mkubwa, mbona chungu kizima? Huli?"

"Nenda kwa mwenyeji wako."

"Mwenyeji gani? Wenzangu ndio wageni, nikawapeleka kwenye nafasi. Mimi ukinipakulia hapa utasema umepata mgeni? Si watu watasema Bi Mize kakosa mgeni, kala na mwanawe?" Akaendelea kutafuna. "Chumvi kidogo leo."

Zume, nilimgombeza kwa kula kwa mkono usiooshwa, kisha nikakaa naye chini tukala mpaka wali ukabaki wa paka. Nilikuwa na furaha, sikatai. Lakini alipoondoka niliisoma tena barua yako, na wivu ukarudi wote, tena mkubwa kuliko wa asubuhi.

Kwa wifi utawekewa kitanda chenye chandarua kipya, utapakuliwa, utaulizwa kama umelala vizuri. Kwangu hutaulizwa. Utachota maji, utakuna nazi, na ukichelewa kuamka nitapiga kelele kama zamani. Mtoto wa miaka ishirini anajua pale alipo mgeni na pale asipo. Wewe je? Miaka tisa hii nilichoogopa si kwamba hutarudi. Niliogopa utarudi ukiwa mgeni. Niandikie upesi uniambie utalala wapi, na usinitajie nafasi.

Nisalimie shemeji Khamisi, umbusu Zainabu na umwambie mdogo wake aache kunyonya kidole. Kaka Pandu anakusalimu, na bega lake pia. Salha ameahidi kukuandikia baada ya mitihani. Wifi Tatu hakunituma salamu, nami sikumwomba.

Mungu akupe afya, akulinde na husuda za watu, yangu nikiitoa, na akufikishe kwetu salama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kuliko hao wote,

Mize binti Haji