Mgeni Niliyemkaribisha

Kamachumu, Muleba
15 Oktoba 2024

Mpendwa mwanangu Adventina,

Salamu nyingi toka nyumbani. Hujambo huko Mtwara? Kifua kimepona? Mimi ni goti tu, na upepo umelaza migomba saba. Anayeandika ni Klaudia wa jirani; nimemwambia aandike ninavyosema, asininyooshee maneno. Simu yako haipatikani, ndiyo maana nampa barua Mujuni anayesafiri kuja huko.

Mwanao Kokwijuka yuko hospitali. Yuko hai. Kaa chini ndipo usome.

Tangu mwezi wa nane alikuwa halali, anaongea na kiti kitupu sebuleni. Mchana kweupe, waitu! Nikamuuliza, "Nani huyo?" Akasema, "Mgeni, Bibi. Mbona humsalimii?" Nikadhani ni utoto. Nikakisalimia kiti. Nikaweka na akamwani kwenye kisahani, maana mgeni hakosi kahawa ya kutafuna. Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

Akaacha kula, eti mgeni hali. Kaka yako Kahigi akasema ni mizimu, tungoje.

Jumapili nimetoka kanisani, na mahubiri yalikuwa marefu mpaka Elieth wa kwaya akakoroma, nikamkuta mlangoni na mabegi mawili. Moja lake. La pili kafungasha nguo zangu, hata gauni nililosema nizikwe nalo. "Amesema leo tunaondoka watatu," akasema. "Alikotoka hakuna njaa." Hakunitazama mimi. Alitazama juu kidogo ya bega langu.

Nikapiga yowe. Majirani wakambeba hadi hospitali.

Nesi akaniuliza, "Bibi, na wewe unamwona?" Nikasema hapana, nilikuwa namfurahisha mtoto. Akasema huo ni ugonjwa, unawapata hata watoto, na dawa ipo. Ila nimwambie ukweli taratibu, nisimkaripie.

Jana nikamwambia: mjukuu wangu, mimi kiti nilikiona kitupu siku zote. Akageukia ukutani. Halafu akasema, "Kumbe nilikuwa peke yangu naye."

Toka hapo sijatoka kitandani pake. Lakini Kahigi anataka Ijumaa ya wiki ijayo amtoe, ampeleke kwa mganga kule Rubafu, dawa ziachwe. Sauti yangu haimzuii. Wewe ndiye mama. Chukua simu ya Mujuni, mpigie Kahigi hapo hapo, umwambie kwamba mtoto asitolewe. Kisha panda basi uje.

Msalimie Yasmin mwenye nyumba wako, na Mungu akutangulie njiani. Usiulize utalala wapi. Kitanda cha mtoto ni chembamba, lakini nitasogea.

Ni mimi mama yako nikupendaye,
Jovita