Omondi Amekata Waya ya Geji

Alhamisi

Eti mziki! Shemeji yangu Omondi, mwenye naachia van, alikata waya ya geji ya presha ya oili akaunganisha spika nayo. Wale mama wa omena wa Usenge walitaka nyimbo za kanisa.

Hii van niliitoa injini nikaiweka ya lori, na hii mikono. Mafundi wote wa Kisumu walikuja kushangaa, wengine walitaka kulia. Lakini injini ya kuhamishwa unaichunga kama bibi mpya. Oili ikichemka, presha inashuka, mshale ya geji inalala, unasimama.

Omondi hakusimama. Kufika Kombewa injini inagonga kama polisi kwa mlango.

"Mzee, mshale ilikuwa imelala kwa sifuri. Nikajua ni juu ya waya."

"Na oili nayo ilijua?"

Akacheka! Nilishika spana, nikaiweka chini juu ya dadake.

Jioni nimemwaga oili. Ndani kuna unga ya chuma, inang'aa. Injini inajikula.

Bibi ameuliza, nikasema ni kitu kidogo. Uongo. Injini ingine sina, na mgongo ya kuinua ingine...