Kutembelea Meli ya Jirani

Jumatatu, 3 Desemba 1956

Nimetwishwa! Kamanda Haverkamp kaniita mbele ya marubani wote hapa melini: "Luteni Gossett, wewe si ulisoma chuo? Basi historia ya kikosi ya mwaka huu ni yako." Alhamisi atie sahihi. Asipotia, Jumapili sipandi ndege ya barua kwenda nyumbani. Na Lorene anajifungua katikati ya mwezi — mtoto wetu wa kwanza! Nitamaliza, hata kwa kukesha.

Jumanne, 4 Desemba

Nimesoma historia za nyuma. Loo! Kila mwaka "mafanikio makubwa". Hakuna aliyewahi kutapika, wala kofia kupeperukia baharini. Fundi mkuu Pruszynski, mwenye miaka kumi na mmoja humu, kachungulia begani kwangu. Kasema kikosi hicho cha kwenye karatasi ni kizuri, angependa kuhamia.

Jumatano, 5 Desemba

Makubwa! Mawingu mazito, meli mbili za kubeba ndege sambamba, pacha kabisa — na Kamanda katua kwenye meli ya jirani. Yeye mwenyewe! Anayetufokea kila siku tutazame namba ya meli kabla ya kutua!

Kule wamemkarimu kahawa na keki, wakampigia stori wee, huku wenzao wako sitahani na ndoo za rangi. Ndiyo desturi: ukitua kwa watu, unarudishwa na mapambo. Karudi saa tisa. Mwewe, nembo yetu ubavuni mwa ndege, kageuzwa kuku, anataga. Kwenye bawa: MELI YENU NI ILE PALE, na mshale. Sitaha nzima hoi kwa kicheko. Pruszynski alilazimika kukaa chini. Kamanda kapita bila kumtazama mtu.

Alhamisi, 6 Desemba

Nimekiandika kisa, mistari mitatu tu. Kamanda kaichana karatasi.

"Huu ni umbea, si historia."

Nikasema afande, ndilo jambo pekee la mwaka huu ambalo watu watalikumbuka.

"Mtoto wako unataka kumwona, au hutaki?"

Nikaandika upya: "Kamanda alitembelea meli ya jirani kudumisha ujirani mwema." Katia sahihi papo hapo. Pruszynski kaisoma, kaosha kikombe chake, kaondoka. Bora angenitukana! Naona aibu. Lakini Lorene...

Ijumaa, 7 Desemba

Naandika kwenye karatasi ya kuazima. Siko kwetu.

Mawingu tena. Nimetua vizuri ajabu, sijawahi kutua hivyo mwaka mzima! Nikavua kofia, nikapunga mkono. Nyuso zote ngeni. Zote zinacheka. Mungu wangu.

Wakaniuliza kwa upole kama nina mke. Nami, mjinga, nikawaambia anakaribia kujifungua. Sasa nawaona kupitia mlangoni: wanachora ubavuni mwa ndege yangu mtoto mwenye nepi, mkubwa kuliko mimi, anayeinyooshea kidole meli yetu.

Keki imeletwa. Ya chokoleti.

Kisha redio, kwenye kipaza sauti, chumba kizima kinasikia. Kamanda. Kauliza kama nimekuja kudumisha ujirani mwema.

"Ndiyo, afande."

Nyuma yake mtu anacheka mpaka anakohoa — Pruszynski, namjua. Kamanda kasema sahihi yake kaifuta. Niandike upya, kweli tupu, kisa chake na changu ukurasa mmoja. Jina langu litangulie. Ndipo atasaini.

Nimeomba karatasi nyingine. Wenyeji wangu wanasema nisiwe na haraka, mtoto bado hajakauka.