Hita Imezimika, Bwana Kirit, Karibu Pilau

Jumamosi, Hayes, huku kwa Waingereza. Mvua ya manyunyu tangu asubuhi, baridi ya kuuma mifupa, na mimi bado nimefura.

Mama yangu amekuja kunitembelea kutoka Tanga, na tangu afike hita ya gesi ya sebuleni, anakolala, imegoma. Ule moto mdogo wa kuwashia unashika, unazimika. Ikikubali kuwaka, moto ni wa njano badala ya buluu, na ukuta juu yake umeingia masizi. Mama akikaa karibu nayo, kichwa kinamgonga.

Mwenye nyumba, Bwana Kirit, anaishi mtaa wa Rayners Lane. Amezaliwa na kulelewa Mombasa, Kiswahili chake kinateleza kuliko cha wanangu. Kila nikimpigia jibu ni lile lile: "Press hiyo knob, dada, halafu hold kidogo. Itashika tu." Nikamweleza kuhusu kichwa cha mama. Akacheka. "Wazee wetu hawajazoea baridi. Mpe chai."

Mpe chai!

Basi nikamwalika. Nikamwambia mama amepika pilau na anataka kumwona mtu wa pwani. Mtu aliyelelewa Mombasa haingii sebuleni kwa watu na viatu, wala hamkatalii mama wa watu chakula. Hapo ndipo nilipomtegea.

Alifika mchana, akavua viatu mlangoni, akamwamkia mama vizuri kabisa. Nikampokea koti, nikalificha chumbani kwangu. Viatu nikavitoa kibarazani, mvuani, nikipanga kuviingiza kabla hajaaga.

Hita sikuiwasha. Pilau ilikuwa tayari zamani, lakini nilijichelewesha jikoni kwa makusudi. Mama kajifunika blanketi lake, anamuuliza habari za Mombasa. Yeye na soksi zake nyembamba anakunja vidole vya miguu, anasugua mikono. Akaulizia koti, nikajifanya sikusikia. Mwishowe nikamsikia kwenye simu akimbembeleza fundi wa gesi aje sasa hivi.

Nilicheka peke yangu jikoni. Nikajua nimeshalipiza.

Fundi alitukuta tunakula. Akafungua hita, akachunguza bomba la kutolea moshi, akatoa kiota kizima cha ndege. Alifunga gesi palepale, akauliza nani analala humu. Nikamwonyesha mama. Akasema moshi ulikuwa unarudi ndani, una sumu isiyo na harufu, na maumivu yale ya kichwa yalikuwa onyo. Angeweza kulala asiamke.

Nilimtazama Bwana Kirit. Mkono wake ulikuwa umesimama juu ya sahani. Mama, asiyejua Kiingereza, alikuwa anamwongezea nyama.

Nilitaka kumpokonya ile sahani.

Alipoaga nilimpa koti. Viatu nikaviacha mvuani mpaka alipovifuata mwenyewe. Alivivaa vimejaa maji, akashuka ngazi. Mama amenifokea vibaya sana, kwamba nimemdhalilisha mgeni nyumbani kwangu, na anataka nimpigie nimwombe radhi.

Sijamwambia alichosema fundi. Nimemhamishia kitandani kwangu, nimemwambia ni kwa ajili ya baridi tu, na kila baada ya muda nachungulia kama anapumua vizuri.

Radhi? Bwana Kirit akiitaka, na abonyeze hiyo knob, ashikilie kidogo. Itashika tu.