Hukuniambia Yanayofanyika Kwenye Lori

Mama Tatu,

Maalimu kasema marehemu anaombewa dua, haandikiwi barua. Dua nimeomba. Sasa nina maneno yangu na wewe, na haya siyo ya msikitini.

Nina hasira. Naanza na hilo usije ukadhani nimekaa hapa nalia.

Kwanza habari za nyumbani. Ulituacha wakati wa maembe. Unajua huku Likombe yanavyokuwa, yanaanguka mpaka mbuzi wanayaruka. Waliokuja msibani kila mmoja kaja na ndoo ya maembe, maana ndicho kitu kila mtu alikuwa nacho. Yakaoza barazani. Nzi wakajaa. Mimi nimekaa kwenye mkeka napewa pole na nzi wananitua mdomoni. Tangu siku ile embe silili, na mtu asinipe.

Halafu yakaisha. Ndiyo kawaida ya huku. Mungu akitoa anatoa vyote kwa pamoja, akifunga anafunga mlango na dirisha.

Mvua zikaanza. Kazi ya zege imesimama, fundi katuambia turudi jua likitoka. Jua gani. Ukuta wa jikoni upande wa mvua umebomoka, nimeuziba na bati lile la zamani. Kuku wako wawili wameibiwa. Aliyeiba namjua, na yeye anajua namjua.

Tatu kakaa kwenye meza yako sokoni. Hilo mimi sikumtuma. Cherehani uliyomnunulia kaifunika khanga, kasema watu hela za korosho wameshazila, nguo hawashoni, lakini kula lazima wale. Mtoto wako unamjua, kichwa kachukua chako.

Sasa anauza nini? Kisamvu. Nani ananunua kisamvu masika? Kila nyumba ina mhogo nyuma ya choo. Mlenda umejiotea mpaka njiani. Watu wanataka nyanya, na nyanya hamna. Kule bondeni Ruvuma mto umepanda, mashamba yako chini ya maji. Za huku juu zimekufa na ukungu. Za Iringa ziko kwenye malori, na malori yamekwama, barabara imekatika. Mwenye nazo anauza moja moja kama yai.

Tatu alikuwa anaokoteza chache kwa wenzake ili meza isikae tupu. Siku moja kaja mama wa ofisini, kavaa viatu vya mchuchumio kwenye tope lile lote. Kashika nyanya, kauliza bei, kairudisha kama imemng'ata. Kasema, "Nyinyi wauzaji mna roho mbaya. Mwezi wa tisa si mlikuwa mnazitupa?"

Tatu kamwambia, "Ungekuja kuokota, mama."

Nilicheka. Mara ya kwanza tangu uondoke. Halafu nikakasirika kwamba nimecheka.

Lakini huo mwezi wa tisa ndiyo nataka tuongee, mimi na wewe. Nyumba hii ilivyokuwa unakumbuka. Bondeni wamevuna wote kwa wakati mmoja, lori la Kofia, dalali wako, linaingia sokoni limejaa, nyanya zinachuruzika kwenye bodi. Na wewe unarudi nazo. Tenga kichwani, maji mekundu yanakushuka shingoni. Nyanya kwenye samaki, nyanya kwenye maharage, nyanya umezipasua umezianika juu ya bati. Nilikwambia mke wangu, jasho langu siku hizi linatoka jekundu. Nikakuuliza, mbona unanunua uozo wa mwanaume yule wakati wenzako wanamkimbia? Ukanijibu umegeuza mgongo, unapepeta: "Mimi sinunui nyanya. Nanunua masika."

Nilikuelewa. Kofia akiwa na shida wewe unambebea, masika zikiadimika yeye anakukumbuka. Ndivyo wote mnavyofanya na madalali wenu. Hamna karatasi, hamna shahidi, ila kila mtu anajua. Na masika kweli ulikuwa unapata. Matenga matatu, wenzako wakipata moja. Nilikuwa najisifu kwa wenzangu kwenye zege, nasema mke wangu ana akili.

Basi sikiliza.

Wiki iliyopita lori la Kofia likapenya pale barabara ilipokatika. Habari ikafika asubuhi, Tatu kafunga hela kwenye khanga katoka mbio. Na mimi nikaenda, siyo kwa ajili yake, nilienda kutafuta kibarua cha kushusha. Kazi hamna, nikawaomba vijana wakanipa zamu. Lile lori miaka yote sijawahi kulisogelea. Wewe ulikuwa unakwenda peke yako, mimi niko kwenye zege.

Wanawake wamejaa pale kwenye tope, kila mmoja ananyoosha mkono. Kofia kakaa juu ya bodi na pama lake kichwani, kama sultani. Tatu kafika mbele, kamsalimia vizuri, shikamoo. Kasema, "Mimi mtoto wa Mama Tatu. Nimekuja kuchukua yetu."

Kofia kamwangalia. "Mama Tatu si kafa? Mungu amrehemu. Mteja wangu alikuwa yeye. Nyanya hazirithiwi, binti, hii siyo shamba."

Watu wakacheka. Mimi niko nyuma ya lori, tenga begani. Nikajiambia vumilia, mzee, mzigo huo wa watu.

Matenga yenyewe yanakwenda wapi? Kwenye pikapu. Kuna bwana mmoja mgeni, anapeleka vyakula kwenye makambi ya wafanyakazi, kaja na hela ya mkupuo anataka karibu lori zima. Huyo mwezi wa tisa humuoni. Huyo hajui uozo unanukaje.

Tatu hakuondoka. Kasema, "Hela ninayo, baba. Siombi."

Kofia kacheka, kaweka pama vizuri. Kasema kwa sauti, wote wasikie: "Mama yako alikuwa anajua kucheza. Ndiyo maana alikuwa anapata matatu. Wewe unajua? Hebu cheza kidogo tuone, kiuno cha mama yako kimebaki nyumbani au kimezikwa?"

Mama Tatu. Mimi sikuelewa. Nakuapia sikuelewa. Nikadhani ni utani wake tu wa kishenzi. Nikawaangalia wale wanawake ili nicheke wakicheka. Hawakucheka. Wameangalia chini, kwenye tope. Hapo ndipo nikaelewa.

Tatu kasema, "Mimi sichezi. Nina hela."

Nikatembea na lile tenga, pikapu ile kule, nikaipita. Nikalitua miguuni kwa Tatu. Nikarudi nikachukua jingine, nikalitua juu ya la kwanza.

Kofia kaita, "We mzee, umekosea njia. Pikapu hiyo hapo."

"Sijakosea."

"Umelewa?"

"Nimelewa nini? Uraka wa mabibo uko wapi mwezi huu?"

Hapo wakacheka, ila wakamcheka yeye. Kashuka kwenye bodi. Kasema kibarua wangu mwenyewe ananiibia mchana, mgambo wako wapi, na nini na nini. Nikamwambia mimi ndiye niliyekuwa mume wa Mama Tatu. Nikamwambia rudia uliyosema. Rudia nikiwa hapa. Hakurudia. Kaanza kuangalia vijana wake, na vijana wake ni wale wale walionipa zamu, wakajifanya wanafunga kamba za viatu.

Na unajua nani kaja kunisimamia? Somoe. Huyo huyo Somoe wa vitunguu uliyegombana naye kwa ajili ya kivuli cha meza mpaka mkawa hamsalimiani. Kapita katikati ya watu na tumbo lake lile, kasimama mbele ya Kofia.

"Wewe Kofia, usitufanye watoto. Mwezi wa tisa nyanya zako zinatoka maji kama pua ya mtoto mwenye mafua, huyu bwana wa pikapu alikuwa wapi?"

Kofia kasema, "Mama Tatu alikuwa anachukua kwa hiari yake."

"Na wewe sasa toa kwa hiari yako."

Wanawake wakapiga vigelegele, Mama Tatu. Kwenye tope lile, kwa ajili yako. Yule wa pikapu kaangalia saa yake, kasema bwana mpeni huyo binti la mama yake, mimi nachelewa, mvua hiyo inakuja. Kofia katema mate. Kasema, "Chukueni moja mnyamaze. Na wewe mzee nisikuone kwenye lori langu."

Moja. Siyo matatu. Tatu kalipa, kahesabu mbele yake, na chenji kadai. Mimi ujira wa kushusha sikupewa.

Ndani ya tenga robo nzima zimepondeka. Zile nzuri Tatu kaziuza zote kabla ya adhuhuri, zilizopondeka kaja nazo kapika na dagaa. Nikala. Njaa ilikuwa inaniuma, nisikudanganye.

Jioni nikamfuata Somoe. Nikamwambia niambie yote. Hakutaka, nikakaa kwenye gunia lake la vitunguu mpaka akasema. Kasema miaka yote masika, Kofia anawaambia wanawake chezeni kwanza. Siyo wote. Wale anaowaona wana shida. Wewe ulikuwa unacheza sindimba kwenye tope, umejifunga khanga kiunoni, makuli wanapiga makofi kwenye bodi, na wewe unacheka kuwazidi. Ukimaliza unabeba matenga yako matatu unaondoka. Nyumbani unafika unaniambia leo tumecheka sana na wenzangu kule.

Tumecheka sana.

Kasema pia, kabla hamjagombana, alikwambia mara nyingi, shoga, mlete Tatu kwa Kofia ajulikane mapema, kesho na keshokutwa hujui. Na wewe ulimtukana. Ulisema mwanangu hatakanyaga lile tope mimi nikiwa hai. Ndiyo ukanunua cherehani.

Sasa hasira yangu iko hapa. Kofia namjua, mshenzi ni mshenzi. Mvua ni mvua. Barabara wataitengeneza, itakatika tena. Lakini wewe. Kwa nini hukuniambia? Miaka mingapi tumelala kitanda kimoja? Najua utasema ungefanya nini. Ningekwenda ningemvunja mguu. Ningelala ndani. Na ungekosa nyanya masika, na watoto wa watu wangekula nyanya na sisi tungekula mlenda. Najua. Umeshanijibu kabla sijauliza, ndivyo ulivyo. Lakini mimi nilikuwa nakula zile nyanya. Nakula naramba vidole, nasema chumvi imepungua. Nilisema chumvi imepungua, na wewe umetoka kucheza.

Siku hizi chumvi ikipungua nakula hivyo hivyo.

Nimemwambia Tatu aache. Nimemwambia mama yako hakutaka, rudi kwenye cherehani, zege likianza mimi nipo. Kaniangalia vile ulivyokuwa unaniangalia nikiongea upumbavu. Kasema, "Baba, ile nafasi mama kailipia. Tumwachie Kofia bure?" Kweli umeilipia. Umelipia uozo, umelipia na ule uchafu mwingine. Kuacha itakuwa kama ulicheza bure.

Kwa hiyo ulichokataa kimetokea. Mtoto wako yuko kwenye tope. Ukikasirika kasirika, tutakuwa wawili.

Kesho wanasema lori jingine linaingia. Kofia kasema akiniona ataniitia mgambo. Aite. Sitagusa tenga lake hata moja. Nitasimama pembeni ya Tatu, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri jirani. Kusimama hakuna kosa. Somoe kasema na yeye atasimama, na huyo akisimama unajua njia inaziba.

Na kiangazi kitakuja. Za bondeni zitaiva zote siku moja, Kofia atakuja analia, jamani nichukulieni zinaoza. Mimi nilisema tumwache ziozee kwenye bodi mpaka nzi wamle na yeye. Tatu kasema hapana, tutachukua. Haya. Nitazibeba mwenyewe kichwani. Lakini kabla sijanyanyua tenga, atamwita Tatu kwa jina lake mbele ya wanawake wote, na atasema masika huyu ni mteja wangu, anapata yake akiwa amesimama wima. Akishasema hivyo ndiyo nabeba. Asiposema, hata nzi atawabeba mwenyewe.

Hilo nakuahidi. Mengine siahidi. Swala nitajitahidi. Ukuta wa jikoni nitaujenga mvua zikikatika. Mke mwingine wananitajia, nimewaambia waniache.

Pumzika, mke wangu. Umechoka, nimejua sasa ulikuwa umechoka kiasi gani. Siku nikija huko nitakuuliza tena kwa nini hukuniambia, na safari hii ujibu sawasawa. Usianze kucheka kabla hujamaliza.

Mimi mumeo,
Baba Tatu